Ninacheka Simu Ikiwashwa Tu

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa ninaishi Dar es Salaam ambako nina biashara ya huduma za afya na utunzaji wa mwili. Nilianza mwaka 2017 nikiwa na chumba kimoja cha kupanga, kitanda cha kukandia na chupa chache za mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Leo nina ukumbi mdogo wa mazoezi, vyumba viwili vya kukanda misuli, huduma ya singo kwa maharusi, na wasichana sita ninaowalipa mshahara kila mwezi. Siandiki haya kwa kujisifu, bali ili uelewe kwa nini jambo linalonisumbua linanitia aibu kiasi cha kushindwa kumwambia hata mume wangu.

Wiki tatu zilizopita nilialikwa kuzungumza mbele ya mkutano wa wanawake wajasiriamali. Walionialika wanataka nieleze kwa dakika 20 ni nani na nini kinachonitia moyo katika afya, katika kicheko na katika ulezi wa kikazi, yaani wale walionishika mkono mpaka nikafika nilipo. Nilikubali palepale, kwa kuwa hayo ndiyo ninayoyahubiri kila siku katika video fupi ninazozirusha mtandaoni. Usiku ule nikachukua daftari ili niandike majina. Niliandika majina matano, yote ya watu wa ng'ambo ambao picha na maneno yao nimeyabandika kwenye kuta za ukumbi wangu, kisha nikagundua kwamba sina la kusema juu ya hata mmoja wao zaidi ya yale maneno yaliyoko ukutani. Nikafunga daftari.

Mwezi uliopita nilimwita muuguzi aje kuwapima wateja wangu presha bila malipo. Walipokwisha, alinitania kwamba mwenye duka naye apimwe. Mashine ikaonyesha 152 kwa 98. Akaniacha nikae kimya dakika kadhaa, akapima tena, ikawa karibu vilevile. Nilicheka, nikamwambia ni uchovu wa siku ile, na nikamsihi asiwaambie wasichana wangu. Tangu hapo ninakunywa chai ya choya asubuhi na jioni, lakini sijarudi kupima, kwa sababu ninaogopa. Ni mteja gani atakayetoa fedha zake kumlipa mwalimu wa afya ambaye mwenyewe ni mgonjwa?

Siku chache baada ya hapo, mmoja wa wasichana wangu, mwenye miaka 22, aliniuliza mbele ya wenzake: "Dada, mbona siku hizi unacheka simu ikiwashwa tu?" Nilimkaripia na kumwambia aangalie kazi yake. Usiku sikulala, maana nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipocheka bila kurekodiwa, na sikuikumbuka.

Liko pia jambo zito zaidi. Ufundi huu sikuusomea chuoni. Nilifundishwa na mama mmoja wa Tanga ambaye ni somo yangu tangu nilipovunja ungo, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwakanda wazazi ndani ya arobaini yao na kuwasinga maharusi. Nilimfuata nyumba kwa nyumba kwa miaka sita, nikimbebea kapu lake la vifaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika mafuta, kupima joto la maji kwa kiwiko, na kumtambua kwa kumshika mgongo tu mwanamke asiyepata usingizi. Mwaka 2017 niliondoka bila kumuaga. Nilichukua namna yake ya kupika mafuta, nikawachukua na wateja wake wanne waliokuwa wamehamia Dar es Salaam, na chupa nikazibandika jina langu. Nilipompigia simu miezi miwili baadaye, aliniuliza swali moja tu: "Kapu langu umelipeleka wapi?" Nikakata simu. Hatujazungumza tena tangu siku ile, na kapu lenyewe ninalo mpaka leo, liko juu ya kabati.

Mkutano utafanyika baada ya wiki mbili. Nimtaje nani, Shangazi? Au nijitoe tu nidai ninaumwa, ambalo kumbe halitakuwa uongo? Na kwa umri wangu huu nitampata wapi mlezi mwingine?

Mkandaji, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu niliona kwamba jibu la swali lako la kwanza umeliandika mwenyewe bila kujua. Muuguzi alikuambia ukweli kuhusu mwili wako, ukamsihi anyamaze. Binti wa miaka 22 alikuambia ukweli kuhusu kicheko chako, ukamkaripia. Somo yako alikuuliza habari za kapu lake, ukakata simu. Zile picha za ukutani hazijawahi kukuuliza chochote, na nadhani ndiyo maana umekaa nazo kwa amani muda wote huu.

Nianze na presha, na hapa sitasema mengi, kwa kuwa mwenye haki ya kusema mengi ni daktari. Kipimo cha siku moja hakitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa, maana presha hupanda kwa haraka, kwa hofu na hata kwa kikombe cha kahawa. Hata hivyo 152 kwa 98, iliyorudiwa na kubaki palepale, imevuka mpaka wa 140 kwa 90 ambao madaktari huutumia kutambua shinikizo la juu la damu, na si kipimo cha kufunikwa kwa kicheko kisha kikaachwa mwezi mzima. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Mtu hufanya kazi zake, hupika, hucheza ngoma, na huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaumia kimyakimya. Nenda kituo cha afya wiki hii, kabla ya mkutano, na umweleze daktari kila unachokunywa pamoja na hiyo choya, kwa kuwa vinywaji vya mimea vinaweza kuingiliana na dawa atakazokupa. Sina ugomvi na choya, hata mimi ninaipenda ikiwa baridi. Ugomvi wangu ni kwamba wewe unainywa ili usipimwe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na chumvi yake yote ya siku isizidi gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Najua unawafundisha wateja hesabu hizo. Swali langu ni kama dakika unazosimama mbele yao ukihesabu "moja, mbili, tatu" umekuwa ukijiandikia kuwa zako. Ama hofu yako kwamba wateja watakukimbia, mimi naitazama kwa upande mwingine: yule mteja wako wa miaka 50 ambaye naye amekuwa akikwepa mashine ile atakufuata kituoni siku atakapojua kwamba umekwenda. Anayepaswa kukimbiwa ni mtu anayeuza mafuta akidai yanaponya presha, na natumaini hujafika huko.

Kuhusu kicheko, nivumilie nikupeleke mbali kidogo. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Tanganyika ipate uhuru, wanafunzi watatu wa shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, katika eneo la Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikaambukiza. Kufikia tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa nacho, na shule ikalazimika kufungwa. Waliporudishwa makwao, hali ile ikaenea katika vijiji vyao, ukiwemo Nshamba. Madaktari walioichunguza walitafuta sumu katika chakula na vijidudu katika damu, wasipate kitu. Watu wengi, hasa wageni, huisimulia habari hii kama kichekesho cha Waafrika waliocheka mpaka shule ikafungwa, na mimi hunikera kila ninapoisikia ikisimuliwa hivyo. Wale watoto hawakuwa na furaha. Walicheka na kulia kwa zamu, walihangaika, wengine walikimbia huku na huko kwa hofu kana kwamba wanafukuzwa, na watafiti waliokuja baadaye waliihusisha hali yao na msongo wa mawazo uliokosa pa kutokea. Basi anayecheka sana si lazima awe mzima, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, kwa kuwa mbele ya mashine ya muuguzi jambo la kwanza ulilofanya lilikuwa kucheka.

Usije ukadhani ninakuambia kwamba kicheko cha kujilazimisha hakifai kitu. Mwaka 1995, mjini Mumbai nchini India, daktari mmoja aitwaye Madan Kataria alikwenda bustanini asubuhi akawakusanya watu wanne, yeye akiwa wa tano, wakawa wanasimuliana vichekesho ili wacheke kwa ajili ya afya zao. Kikundi kikakua. Baada ya kama wiki mbili vichekesho vizuri vikaisha, vikabaki vya matusi na vya kuwadhihaki watu, na baadhi ya waliohudhuria wakaudhika. Daktari akaamua wasisimuliane tena, wacheke tu kwa makusudi huku wakitazamana machoni. Kicheko kilichoanza kwa kuigiza kikageuka kuwa cha kweli, na leo vikundi vya namna ile viko katika nchi nyingi. Mtafiti wa Marekani, Robert Provine, ambaye alitumia miaka mingi akichunguza namna watu wanavyocheka, aliona kwamba mtu aliye pamoja na wenzake hucheka takribani mara 30 zaidi ya aliye peke yake, na kwamba sehemu kubwa ya vicheko vyetu havifuati kichekesho chochote, hufuata maneno ya kawaida tu, kama "haya, tutaonana kesho." Sasa itazame hali yako: unacheka mbele ya kioo cha simu, na waliopo chumbani wanangoja urekodi umalize. Kataria asingekukemea kwa kuigiza, ila nadhani angekuuliza ni macho ya nani unayoyatazama.

Sisi tulikuwa na dawa ya jambo hili kabla ya hao wote, nayo ni utani. Mimi ni Mngoni wa Songea. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani wakubwa. Kaka yangu alipofariki dunia, nilikaa siku tatu sikuweza kula wala kulia. Siku ya maziko, mtani wetu Mhehe alishuka kaburini, akajilaza, akakunja mikono kifuani na kutangaza kwamba hatoki mpaka alipwe, kwa kuwa marehemu alikufa akiwa na deni lake la jogoo, na kwamba kwa jinsi alivyomfahamu alikuwa amekufa makusudi ili asilipe. Waombolezaji walichanga, akatoka, akawa wa kwanza kushika koleo. Nilicheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hayakukatika kwa muda mrefu, na jioni ile nikala. Sijawahi kuona mshauri wa majonzi aliyefanya kazi kubwa kuliko yule mzee, naye hakunitoza hata senti, ukiacha pesa ya jogoo.

Mtani anayo ruhusa ya kukuambia usilotaka kulisikia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ulipokuwa msichana ukibeba kapu, nina hakika ulitaniwa kutwa, na somo yako, kama walivyo makungwi wengi ninaowafahamu, hakuwa mpole wa ulimi. Ulipokuwa mwajiri ukabaki bila mtani. Yule binti alijaribu kuichukua nafasi iliyokuwa wazi, akatumia neno moja tu lenye ukali na lenye mapenzi ndani yake, nawe ukampiga kumbo. Kwa kuwa ulimkaripia mbele ya wenzake, mwombe radhi mbele ya wenzake. Usimpe hotuba. Mwambie, "Ulisema kweli," kisha kaeni mle chakula cha mchana pamoja, simu zikiwa kwenye droo, na mfanye hivyo kila siku ya kazi. Na Jumapili moja uende Temeke au Mbagala ujiunge na kimoja cha vile vikundi vya jogging vinavyokimbia alfajiri kwa nyimbo. Kaa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayekujua kuwa mwalimu. Utapata sehemu ya zile dakika 150, na kama ninavyowajua watu wa Temeke, hutamaliza kilomita ya pili bila mtu kukupa jina la utani.

Sasa tufike kwa somo yako, ambako ndiko barua yako yote ilikokuwa ikielekea.

Unauliza kwa umri wako utampata wapi mlezi mwingine. Mwanangu, aliye hai hatafutiwi mbadala kabla ya kuzungumza naye. Ulezi wa kikazi ambao leo unaitiwa semina na kulipiwa kiingilio, watu wa pwani waliufanya uani, kwa mikono, mara nyingi bila hata kuupa jina. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alikuwa binti wa wafinyanzi aliyetembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake. Alipohamia mjini akafundishwa na wanamuziki waliomzidi, na kufikia mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi nyimbo kwenye santuri. Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akaimba mpaka uzeeni akifundisha na unyago, na alipofariki dunia mwezi Aprili 2013 alikuwa bado akiwaeleza waliomuuliza kwamba njia ile aliipata kwa Siti. (Usimwige katika sigara.) Sauti ya Bi Kidude ilikuwa yake mwenyewe, nzito na yenye mikwaruzo, wala hakuna aliyemwona mdogo kwa kutaja ilikoanzia.

Mfano mwingine ninaoupenda unatoka Zimbabwe, nao unamhusu msomi. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona kwamba wagonjwa ni wengi na madaktari wa fani yake ni wachache mno. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, alianza kuwafundisha mabibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea ili wawasikilize watu wenye huzuni na mawazo mengi, hali ambayo Washona huiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mazungumzo yalifanyika kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Daktari aliliita benchi la afya ya akili, na mabibi wakamwambia kwamba kwa jina hilo hakuna mtu atakayeketi. Wakamshauri liitwe benchi la urafiki. Alikubali, na mwaka 2016 utafiti uliochapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba waliozungumza na mabibi wale walipungukiwa na dalili zao kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninachokitazama katika habari hiyo ni ule wakati ambapo daktari bingwa aliambiwa na vikongwe kwamba jina alilolichagua halifai, naye akalifuta. Wewe chupa zako umezibandika jina gani?

Nitasema wazi, kwa kuwa umeniita shangazi. Kuondoka kwako hakukuwa kosa, maana mwanafunzi hukua, na somo yoyote mwenye akili anajua kwamba kapu litabebwa na mwingine siku moja. Makosa yako ni mawili: hukuaga, na ulichukua riziki ya mtu ukaiita yako. La kwanza huombewa radhi. La pili huombewa radhi na kulipwa. Kabla hujasafiri, keti na daftari la mauzo uone mafuta yale yamekuingizia kiasi gani, kisha uamue sehemu ambayo utaweza kuitoa kila mwezi bila kuchelewesha mishahara ya wasichana wako. Usiende na ahadi kubwa utakayoivunja. Mtangulize mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, dada wa mama yako au mmoja wa wale wateja wanne, aulize kama utapokelewa. Ukikubaliwa, nenda na doti ya khanga, sukari na majani ya chai kama inavyopasa, na uchague khanga kwa uangalifu, kwa kuwa jina lake litasomwa kabla wewe hujafungua kinywa.

Ukifika, yataje uliyoyafanya moja baada ya jingine, kama ulivyoyataja kwangu, bila kusema "kama nilikukosea." Ulimkosea. Halafu unyamaze. Anaweza kukutukana, anaweza kukutania, na anaweza kukaa kimya mpaka magharibi. Anaweza pia kukataa kukuona, na hiyo ni haki yake. Likitokea hilo, mpelekee fedha zake hata hivyo kupitia yule mtu mzima, na usikugeuze kukataa kwake kuwa kisa cha kuhuzunisha katika video.

Jambo moja zaidi, kwa sababu najua wazo litakalokujia ukiwa njiani. Utatamani kumtaja mbele ya mkutano ule kwa jina na kwa sifa, watu wapige makofi na wengine wafute machozi. Usifanye hivyo bila idhini yake. Uliuchukua ufundi wake bila kumuuliza, na ukilichukua na jina lake bila kumuuliza utakuwa umerudia lile lile mbele ya mashahidi. Akikuruhusu, mtaje kwa namna atakayoipenda mwenyewe. Asipokuruhusu, sema tu kwamba ulifundishwa na mama mmoja wa Tanga, kwamba namna ya kupika mafuta ni yake, na kwamba una deni. Walio ukumbini wengi wao wameanza biashara kwa ujuzi wa mtu fulani, na wataelewa.

Kwa hiyo usijitoe. Dakika 20 zinakutosha kueleza kuhusu muuguzi aliyemtania mwenye duka, kuhusu binti aliyeuliza swali lisilofaa mbele ya wenzake, na kuhusu mama wa Tanga. Sikulazimishi utangaze tarakimu za presha yako. Hizo ni zako na daktari wako. Inatosha useme kwamba ulipimwa, ukaogopa, kisha ukarudi. Picha za ukutani ziache zilipo kama rangi zake zinapendeza, ila usipoteze dakika hata moja kuzisemea.

Na huyo binti wa miaka 22, mwanangu, iko siku naye atataka kuondoka. Pengine ameshaanza kuhesabu. Usimfiche chochote cha kazi, usimfungie mlango, na msiiache siku hiyo ije kimyakimya. Kaa naye mapema muandikiane ni nini atakachoondoka nacho kama kilivyo, ni nini atakachokulipia, na wateja waliozoea mikono yake wataachwa vipi wajiamulie wenyewe. Kama wewe na somo yako mngekuwa na karatasi kama hiyo mwaka 2017, huenda leo mngekuwa mnasingiana maharusi Tanga na Dar es Salaam, na mimi nisingekuwa na barua ya kujibu.

Niandikie tena ukirudi kutoka Tanga, na uniambie daktari alisema nini. Kapu literemshe juu ya kabati leo, ulifute vumbi, ukaze ukindu mahali palipolegea. Unajua kwenu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Mtilie mafuta ya mpiko wako wa mwisho, ili ayanuse akuambie ni wapi ulipokosea.

Shangazi